Kivinjari Kimoja cha Kazi, Kimoja cha Akiba: Mwongozo Kamili wa Kuchagua na Kuhama

Wengi hukwama mahali pamoja. Mtu anasikia kwamba kivinjari fulani kinaokoa bando, anakipakua, anakitumia siku mbili, kisha fomu ya serikali inagoma kupokea faili na anarudi alikotoka. Wiki inayofuata anapakua kingine. Baada ya miezi michache simu ina vivinjari vinne, manenosiri yametapakaa kote, na kiungo cha WhatsApp kinafungukia kwenye kile asichokitaka kabisa.

Kosa hutokea mapema. Watu huchagua kwa kusikia sifa, kabla ya kujiuliza ni kazi gani itakayowaumiza ikikwama. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake, usiruke ya 6.

## Unachohitaji kabla ya kuanza

- Saa moja ya utulivu, si ndani ya matatu.
- Nafasi ya MB 500 hivi kwenye simu. Ikiwa imejaa, futa kwanza video za WhatsApp.
- Wi-Fi, au bando la MB 300 kwenda juu.
- Laini yako ya simu ikiwa hewani. Tovuti nyingi zitakuona mgeni na kukutumia nambari ya uthibitisho kwa SMS.
- Nenosiri la barua pepe yako. Ikiwa hulikumbuki, lirekebishe leo, uhame kesho.
- Karatasi na kalamu.

Onyo moja kuhusu wakati: usihame wiki ya mwisho ya Juni. Tarehe 30 ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani za KRA, mamlaka ya ushuru ya Kenya; tovuti yake, iTax, huelemewa na watu, na hutajua kama tatizo ni kivinjari kipya au ni foleni.

## Hatua ya 1: Kagua kifaa chako

Fungua Mipangilio, nenda Kuhusu Simu, uandike mambo matatu: toleo la Android, RAM (kumbukumbu ambamo programu zilizofunguliwa hufanyia kazi), na nafasi iliyobaki.

Kwenye RAM kuna mtego. Simu nyingi zinazouzwa Luthuli na Moi Avenue jijini Nairobi huandika kitu kama "GB 4 + GB 4". Ile ya pili si RAM halisi. Ni nafasi ya kuhifadhia iliyoazimwa, na ni ya polepole. Hesabu ya kwanza tu.

Mbona RAM ni muhimu hivi? Kwa sababu simu yenye GB 2 hufunga kivinjari kimyakimya mara tu unapotoka kwenda kusoma SMS. Ukirudi, ukurasa unajipakia upya na fomu uliyoijaza nusu saa imefutika. Watu hulaumu tovuti, hulaumu mtandao, hubadilisha kivinjari, na tatizo linabaki palepale. Dawa ni kufunga programu nyingine zote kabla ya kuanza fomu, kuacha kichupo kimoja tu, na kuisoma nambari ya uthibitisho kwenye arifa inayoshuka juu ya skrini badala ya kufungua SMS yenyewe.

Kwa kompyuta, angalia toleo la Windows. Chrome iliacha Windows 7 na 8.1 mwaka 2023. Toleo la mwisho kwao ni 109. Kurasa bado zitafunguka, lakini matundu ya usalama hayazibwi tena. Mashine ya namna hiyo iachie kazi ya kuandika barua. Benki na iTax zifanyie kwenye simu.

## Hatua ya 2: Andika kazi zako, kisha uzungushie moja

Orodhesha tovuti tano unazozitumia kweli kila mwezi. Si unazopanga kuzitumia. Kwa mkazi wa Nairobi orodha huwa kama hii: eCitizen (tovuti ya huduma za serikali), iTax, tovuti ya benki, gazeti, na tovuti ya kutafuta kazi au ya chuo.

Sasa zungushia ile ambayo ikikwama katikati unapoteza pesa au siku. Hiyo ndiyo itakayokuchagulia kivinjari. Kasi ya kufungua habari za michezo haina uzito hapa. Gazeti likikataa kufunguka unaendelea na maisha.

## Hatua ya 3: Elewa injini

Hii ndiyo hatua inayowaokoa watu kutoka kwenye mzunguko wa kupakua na kufuta. Injini ni sehemu ya ndani ya kivinjari inayosoma ukurasa na kuuonyesha.

Chrome, Edge, Opera, Brave na Vivaldi za Android na kompyuta zinatumia injini moja, ile ya mradi wa Chromium. Opera iliacha injini yake na kuhamia huko mwaka 2013, Edge mwaka 2020. Firefox ina injini yake, Gecko. Safari ina yake, WebKit. Kwenye iPhone zinazotumika huku kwetu, vivinjari vyote, hata Chrome, hupita kwenye WebKit.

Maana yake ni hii: ikiwa fomu imegoma kwenye Chrome kwa sababu ya namna ilivyoandikwa, kuhamia Brave au Edge hakutasaidia. Ni matatu yale yale, rangi tofauti. Kivinjari cha akiba lazima kiwe cha injini nyingine.

Mwenye iPhone hana haja ya kusumbuka sana hapa. Abaki na Safari, na fomu ikigoma aende kwenye kompyuta.

## Hatua ya 4: Chagua viwili, basi

Simu yenye GB 2 za RAM. Chrome ya kazi, kwa sababu tayari imo na haiongezi mzigo. Cha pili kiwe Opera Mini, ya kusomea tu. Hapa kanuni ya injini inalegea kidogo, kwani simu hii haina nguvu za kubeba Firefox vizuri.

Simu yenye GB 4 au zaidi. Firefox iwe ya kila siku pamoja na kiendelezi (programu ndogo inayoongezwa ndani ya kivinjari) cha uBlock Origin. Chrome iwe ya akiba. Sababu ni bando. uBlock Origin huzuia matangazo kabla hayajapakuliwa, na kwenye kurasa nyingi za habari na udaku, matangazo ndiyo yanayokula data kuliko maandishi. Chrome ya simu za Android haikubali viendelezi, na ile ya kompyuta imeacha kuikubali uBlock Origin kamili; imebaki ndogo yake, uBlock Origin Lite. Asiyetaka kushughulika na viendelezi achukue Brave, ambayo huzuia matangazo tangu inapofunguliwa, na Firefox aiweke akiba.

Kompyuta ya Windows yenye GB 4. Edge inatosha. Imo tayari, na hulaza vichupo usivyovitumia ili kupunguza mzigo. Weka Firefox pembeni.

Kompyuta yenye GB 8 na zaidi. Chochote kitakwenda. Chaguo letu ni Firefox kwa sababu ya uBlock Origin na kwa sababu haitoki katika nyumba moja na injini ya utafutaji inayoishi kwa matangazo. Mwenye kazi zake zote kwenye Google Docs na Meet atakuwa na amani zaidi na Chrome.

### Neno kuhusu Opera Mini

Sifa ya Opera Mini ya kubana data ni ya haki, lakini wengi hawajui inavyofanya kazi, na hapo ndipo wanapoumia.

Ukiiweka kwenye hali ya kubana zaidi, ukurasa hauji kwako moja kwa moja. Unapitia kwanza kwenye seva za Opera, unafungashwa upya ukiwa mdogo, ndipo unaletwa. Ndiyo maana habari ya gazeti hufunguka hata mtandao ukiwa dhaifu. Lakini hali hiyo hiyo huvuruga kurasa zinazojibadilisha wakati unajaza, kitufe cha kupakia faili kinaweza kutofanya lolote, na usimbaji wa siri hauendi kutoka simu yako hadi kwenye tovuti bila kufunguliwa njiani.

Kwa hiyo: soma habari nayo, angalia matokeo ya mechi. Usiingie benki, usijaze fomu. Na usitarajie muujiza kwenye video; video huwa imebanwa tayari.

Wanaotafuta hali ya kuokoa data ndani ya Chrome waache kutafuta. Ilikuwapo, ikaondolewa mwaka 2022.

## Hatua ya 5: Pakua mahali sahihi

Kwenye simu ni Play Store peke yake. Kabla ya kubonyeza, soma jina la mchapishaji chini ya jina la programu: Mozilla kwa Firefox, Opera kwa Opera Mini, Brave Software kwa Brave. Jina likiwa jingine, rudi nyuma. Faili ya APK iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp kwa jina la "Chrome ya kuokoa bando" ni mwizi mlangoni.

Kwenye kompyuta andika anwani mwenyewe: firefox.com, brave.com, google.com/chrome. Usitafute "pakua Chrome" ukabonyeza tokeo la kwanza, maana mara nyingine la kwanza ni tangazo lililolipiwa.

Utajua umefaulu kivinjari kikifunguka bila kudai ruhusa ya kusoma SMS au orodha ya majina yako. Hakihitaji hata moja.

## Hatua ya 6: Kijaribu kabla ya kuhama

Usiingize nenosiri lolote bado. Fanya majaribio mawili.

### Jaribio la bando

1. Zima masasisho ya programu yanayojiendesha yenyewe, na uzime Wi-Fi.
2. Kwenye kivinjari cha zamani, futa faili na picha zilizohifadhiwa kwa muda. Usiguse manenosiri. Bila hivyo utalinganisha kivinjari chenye picha tayari na kile kinachoanza upya, na cha zamani kitaonekana bora kwa uongo.
3. Nenda Mipangilio, Mtandao na Intaneti, Matumizi ya data ya programu. Andika MB za kila kivinjari.
4. Fungua kurasa tano zilezile kwenye vyote viwili. Shuka hadi mwisho wa kila ukurasa, kwa sababu picha nyingi hazipakuliwi mpaka uzifikie. Usicheze video.
5. Rudi kwenye matumizi ya data, toa hesabu.

Tofauti ikiwa ndogo, chini ya moja ya tano, usihame kwa ajili ya bando. Haitalipa usumbufu.

### Jaribio la kazi nzito

Fungua ile tovuti uliyoizungushia. Tuchukue iTax. Andika itax.kra.go.ke kwa mkono, weka PIN na nenosiri, jibu ile hesabu ndogo ya usalama, kisha pakua waraka mmoja wa PDF. Mwisho ufungue ule waraka. Kuona "imepakuliwa" hakutoshi. Faili tupu nayo hupakuliwa.

Kwa eCitizen, ingia na uende hadi ukurasa wa kupakia picha au kiambatisho. Kitufe cha kuchagua faili kikifungua matunzio ya simu, umepita. Hakuna haja ya kulipa chochote.

Kazi nzito ikigoma hapa, hiki si kivinjari chako cha kazi, hata kama kinaokoa bando namna gani. Kishushe kiwe cha akiba.

## Hatua ya 7: Hamisha manenosiri

Kuna njia mbili. Iliyo rahisi kwa mwenye simu pekee ni kutohamisha kabisa. Ikiwa umeingia Chrome kwa akaunti yako ya Google na kuyahifadhi humo, manenosiri yamo kwenye akaunti hiyo, na Android inaweza kuyajaza ndani ya kivinjari kingine. Nenda Mipangilio, Manenosiri na akaunti, hakikisha Google ndiyo iliyochaguliwa kama huduma ya kujaza. Fungua Firefox, gusa kisanduku cha nenosiri, na pendekezo linapaswa kutokea juu ya kibodi.

Njia ya pili inahitaji kompyuta yako mwenyewe. Ya saiba (duka la kompyuta za kukodi) haifai.

1. Kwenye Chrome andika chrome://password-manager/settings, uchague kuhamisha manenosiri. Utapata faili ya CSV.
2. Ihifadhi kwenye folda isiyounganishwa na Google Drive wala OneDrive.
3. Kwenye Firefox andika about:logins, bonyeza vitone vitatu, uchague kuleta kutoka kwenye faili.
4. Fungua tovuti tatu kuhakikisha kwamba zinajazwa.
5. Futa ile CSV, kisha umwage pipa la taka la kompyuta. Papo hapo.

Hilo la mwisho, kufuta CSV, si la kuahirisha. Fungua hiyo CSV kwa programu yoyote ya kuandikia na utaona mwenyewe: anwani, jina la mtumiaji, nenosiri, mstari kwa mstari, bila kificho hata kidogo. Usijitumie kwa WhatsApp "ili isipotee".

Alamisho huhamia bila shida. Kisichohama ni hali ya kuwa umeingia. Kila tovuti itakudai nenosiri upya, na nyingine SMS. Ndiyo sababu tulitaka laini iwe hewani.

## Hatua ya 8: Kifanye chaguo-msingi

Kwenye Android: Mipangilio, Programu, Programu chaguo-msingi, Kivinjari. Kwenye Windows 11: Mipangilio, Programu, Programu chaguo-msingi, chagua kivinjari, kisha kitufe cha juu cha kukiweka. iPhone imeruhusu hili tangu iOS 14.

Utajua umefaulu ukijitumia kiungo kwa WhatsApp, ukakigusa, kikafungukia pale unapotaka. Usipime kwa Facebook. Programu hiyo hufungua viungo ndani yake yenyewe, na hapo huna manenosiri wala kizuizi cha matangazo. Gusa vitone vitatu uchague kufungua kwenye kivinjari.

## Hatua ya 9: Funga milango miwili, fungua mmoja

Arifa. Zima kabisa tovuti kuomba ruhusa ya kutuma arifa. Ule ukurasa unaosema "Bonyeza Ruhusu kuthibitisha wewe si roboti" hauthibitishi chochote. Ukibonyeza, simu itaanza kupokea matangazo ya kamari na ya virusi bandia usiku na mchana. Aliyekwisha bonyeza aingie Mipangilio ya tovuti, Arifa, aondoe kila jina asilolijua. Kufuta historia hakuondoi ruhusa hizo.

Tafsiri ya papo kwa papo. Izime kwenye tovuti za fomu. Hubadilisha maandishi ya ukurasa ukiwa unajaza, na baadhi ya fomu huvurugika.

Madirisha ibukizi. Haya yafungulie tovuti unazoziamini peke yake. Risiti na vyeti mara nyingine hufunguka kwenye dirisha jipya, na kivinjari hulizuia kimya. Tazama mwisho wa upau wa anwani: kialama kidogo cha dirisha lililokatwa ndicho kinachokuambia. Ukitumia uBlock Origin na fomu ikagoma, fungua kidirisha chake, bonyeza kitufe kikubwa cha kuzima kwa tovuti hiyo, kisha pakia ukurasa upya.

## Ukiwa saiba

Fungua dirisha la Mgeni au Hali Fiche (Incognito) kabla ya kuandika lolote. Soma anwani: tovuti za serikali ya Kenya huishia na .go.ke, na herufi moja ya ziada inatosha kukupeleka kwa tapeli. Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nenosiri, kataa.

Hali Fiche haifuti ulichopakua. Fungua folda ya vipakuliwa ya saiba yoyote yenye shughuli nyingi utakuta vyeti vya PIN, nakala za vitambulisho na barua za kazi za watu wasiojuana, zimepangwa kwa tarehe. Chapisha, futa faili yako, mwaga pipa la taka, ndipo ulipe uondoke.

## Kikigoma

"Muunganisho wako si wa faragha." Angalia tarehe na saa ya simu kwanza. Betri ikiisha kabisa, baadhi ya simu hurudi mwaka wa zamani na vyeti vyote vya usalama huonekana batili. Saa ikiwa sahihi na onyo likabaki, usilazimishe.

Ukurasa unazunguka tu au unakurudisha mwanzo. Ufungue kwa Hali Fiche. Ukifanya kazi humo, kosa ni vidakuzi (cookies) vya zamani au kiendelezi. Futa vidakuzi vya tovuti hiyo moja, si vyote. Ukigoma hata humo, jaribu kivinjari cha akiba. Ukigoma kote, tovuti yenyewe iko chini. Nenda ukale.

Ombi la M-PESA halitokei unapolipa eCitizen. Hilo haliletwi na kivinjari. Linakuja kwa mtandao wa simu. Usibonyeze kulipa mara nne. Nenda kwenye menyu ya M-PESA, Paybill 222222, na nambari ya akaunti iliyo kwenye ankara yako.

Nenosiri linakataliwa ingawa limejijaza. Kuna uwezekano kivinjari kimehifadhi la zamani. Gusa jicho ulisome, ulisahihishe kwa mkono, kisha ukubali kusasisha.

## Baada ya wiki mbili

Ikiwa hujarudi kwenye kivinjari cha zamani kwa kazi yoyote, futa kwanza manenosiri yaliyomo ndani yake, kisha programu yenyewe. Ila kama ulifuata njia ya kwanza ya Hatua ya 7, usifute manenosiri ya Google, maana ndiyo hayo hayo yanayojazwa kwenye kivinjari kipya. Mpangilio huo ni muhimu kwa wale waliokuwa na akaunti ya kivinjari, kwani kufuta programu hakufuti nakala zilizobaki mtandaoni.

Chrome haiondoki kwenye simu nyingi za Android. Inaweza kuzimwa tu, na kama ndiyo akiba yako iache. Android System WebView nayo usiiguse hata ukiona jina lake hulijui. Programu nyingi, zikiwemo za benki, huitegemea kufungua kurasa zao za ndani.